Iga Kisu, Acha Alama

Kisu cha Mnofu kilivunjika mbele ya foleni ya wateja, na aliyekivunja alikuwa mkwe wake mwenyewe. Mkwe huyo, mume wa binti yake wa kwanza, alikuja kusaidia kazi buchani. Akakuta kuku wawili wameganda pamoja kwenye friza, akachukua kisu kilichokuwa karibu, akaingiza ncha katikati yao na kubetua. Kikasema ta, kikawa vipande viwili. Mnofu, ambaye kwa kawaida mdomo wake haujui likizo, alikaa kimya mpaka wateja wakaanza kutazamana. Mkwe hatukanwi, hata mwenye bucha anajua hilo. Basi alivua aproni, akavifunga vile vipande kwenye gazeti, akavuka barabara hadi karakana ya Fundi Geti.

Lakini Mnofu hakuwa na haja na Fundi Geti mwenyewe. Alimkuta mlangoni akichomelea fremu ya dirisha, akamsalimia bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma alikokuwa akifanya kazi mke wa fundi. Mtaani mama huyu aliitwa Cheche. Hakuwa na kitenge hata kimoja kisichotobolewa na cheche za grinda, na watani wake walidai kwamba akisimama juani unaweza kumtumia kuchujia chai.

"Shemeji," Mnofu akasema, akafungua gazeti juu ya meza. "Nimefiwa."

Cheche akatazama, akasogea karibu. Alikuwa amekitamani kisu hiki kwa muda mrefu mno. Kila alipokwenda kununua nyama aliomba mifupa ya supu, si kwa kupenda supu, bali kwa sababu mifupa ilimlazimisha Mnofu akae nayo, akizungusha ubapa kwenye viungo taratibu, na yeye apate kutazama. Nyumbani kwake walikuwa wamekunywa supu mpaka watoto wakaomba maharage.

"Naweza kukishika?"

"Kishike tu. Marehemu hakatai kushikwa."

Akaviunganisha vile vipande mahali vilipovunjikia. Ubapa ulikuwa mwembamba kama ulimi wa kondoo, ncha imechongoka, na karibu na mpini makali yaliingia ndani kidogo, kibonde laini kilichokaa vizuri chini ya kidole cha shahada. Pembezoni kabisa, karibu kugusa makali, ilikuwapo alama ya jicho dogo lililopigwa kwenye chuma. Hiyo ilikuwa alama ya Mzee Jicho, fundi wa visu aliyesifiwa kuliko mafundi wote wa upande ule wa mji.

"Nataka hikihiki," Mnofu akasema. "Sitaki ndugu yake wala binamu yake. Nataka hiki."

"Mzee Jicho anasemaje?"

"Mzee Jicho kiwiko kimemsaliti, amestaafu, anakaa kwa binti yake. Nilipompigia simu aliniambia nikanunue dukani. Dukani nimeshanunua vitatu, na mpaka sasa kitu pekee vilichokata ni vidole vyangu."

Cheche alikuwa ameshachukua kadibodi ya boksi la viatu na kalamu ya risasi. Akavilaza vile vipande na kuchora kando yake, polepole, ulimi nje. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi nzima. Mafundi wakubwa wa visu ni wachoyo wa maneno. Ukimuuliza mmoja alifanyaje, atakujibu kwamba alifanya kwa mkono. Basi Cheche aliviuliza visu vyenyewe. Aliazima cha fundi viatu, akaazima cha mpishi wa hotelini, akavichora, akavipima uzito kwa kuvilaza juu ya kidole mpaka vitulie, kisha akajaribu kutengeneza vya kwake vinavyotulia mahali palepale. Ukutani kwake kadibodi zilining'inia kwenye waya, zimepangana kama nguo zilizoanikwa.

"Na jicho ulipige," Mnofu akaongeza. "Nani atajua?"

"Jicho silipigi."

"Shemeji, alama tu."

"Kisu unakiiga, alama unaiacha. Ukiiga kisu wewe ni mwanafunzi. Ukiiga alama wewe ni mwizi." Hilo lilikuwa neno la mafundi wote wa visu, hata wale wachoyo, na Cheche alilisema kwa fahari ya mtu anayetaka sana kuhesabiwa miongoni mwao.

Mnofu akainua mikono kukubali kushindwa. Kisha akatoa sharti lake. Kisu kikitoka sawa, yeye na wenzake wa machinjioni wote wangekuja kwa Cheche, na watu wa machinjioni hawachezei visu. Lakini Mzee Jicho atakiona kwanza, Jumapili, na neno lake ndilo litakuwa la mwisho.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi," akasema. "Na mimi ndiye mwenye bucha."

* * *

Jioni ile, mezani, Fundi Geti alingoja watoto wamalize kula ndipo akasema alichokuja nacho.

Siku hizi watu walinunua mageti yaliyokwisha tengenezwa, yanashushwa kwenye lori yakiwa na rangi na kufuli lake. Oda zilikuwa zimepungua mpaka zikabaki za ukarabati, bawaba hapa, komeo pale. Na mchana ule mwenye jengo alikuja kudai kodi. Hakumwita pembeni. Alisimama mlangoni, mbele ya wateja, anakula karanga, akawa anadai na kutupa maganda kwenye sakafu ambayo Fundi Geti alikuwa ametoka kuifagia. Alipoondoka, Fundi Geti alichukua ufagio akafagia tena. Hilo la kufagia tena ndilo lililomuuma kuliko deni.

"Fundi pikipiki anaitaka ile kona ya nyuma," akasema, macho kwenye sahani. "Atachangia kodi. Jumatatu anakuja kuichukua."

Cheche akaweka kijiko chini. "Kona yangu?"

"Mama watoto, unafikiri napenda? Ile kona inakula mkaa, inakula umeme, inakula misasa. Mpaka leo imezaa nini?"

"Imezaa visu," akadakia mama mkwe, aliyekuwa akimenya chungwa. "Nyumba hii ina visu vingi kuliko vijiko. Hiki hapa, kwa mfano, hakikati chungwa, kinalibembeleza."

Mama mkwe ndiye aliyerithi visu vyote vilivyoharibika. Alikuwa na kilichopinda cha kung'olea magugu, kilichofupika cha kukwangulia masufuria, na kimoja kinene alichokiegeshea mlango wa chooni. Alivitumia vyote kwa bidii na kuvisema vyote kwa bidii hiyohiyo.

"Nipe mpaka Jumapili," Cheche akasema. Akaeleza habari ya Mnofu, sharti la Mzee Jicho, na watu wa machinjioni. Alipokuwa akieleza alisahau kuogopa. Mikono yake ikaanza kuchora hewani, upana wa ubapa, kile kibonde karibu na mpini, mpaka mama mkwe akasogeza glasi yake ya maji mbali.

Fundi Geti akamtazama mkewe. Uso ule aliujua. Yeye mwenyewe alikuwa nao zamani, alipochomelea geti lake la kwanza.

"Mzee Jicho akisema ndiyo, kona ni yako na sitaitaja tena," akasema. "Akisema hapana, Jumatatu unatoa vitu vyako kwa amani, bila kununa."

"Bila kununa," Cheche akakubali, ingawa kila mtu pale mezani alijua hilo la kununa hakuliweza.

* * *

Kesho yake alikata kipande cha springi ya gari, akakipasha moto kwenye mkaa, na feni kuukuu ikipuliza kutoka chini. Akakiponda juu ya fuawe mpaka kikaanza kuwa na mgongo na tumbo. Akakipiga tupa mpaka kikalingana na mchoro wa kadibodi. Kisha akafunga mbao za dirisha mchana kweupe, maana rangi ya chuma cha moto husomwa gizani. Chuma kikawa chekundu, kikafika rangi ya papai lililoiva, sumaku ikakataa kukivuta, dalili kwamba moto umetosha. Akakizamisha kwenye oili. Ndani ya oili kikatoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

Cheche aliijua sauti ile kabla hajakitoa. Ufa ulikuwa umepita kutoka kwenye makali hadi katikati.

"Pole," akasema Fundi Geti kutoka upande wake. Neno hilo moja lilimchoma Cheche zaidi ya lawama, na siku ile hakuwa na hamu ya kula.

Lakini mtu aliyeingiwa na kazi hana subira ya kuhuzunika. Jumamosi jua lilipochomoza alikuwa ameshakata kipande kingine. Safari hii alifanya polepole. Alipofika kwenye kile kibonde karibu na mpini alisimama akakitazama tena kwenye vipande vya Mnofu. Hakuna kisu kingine alichowahi kukiazima kilichokuwa nacho. Na lile jicho, kwa nini lipigwe pembezoni vile, kama mtu anayekaa ukingoni mwa kitanda? Akawaza sana. Mwisho akajiambia kwamba Mzee Jicho hafanyi jambo bila sababu, na kazi ya mwanafunzi ni kufuata kwanza na kuelewa baadaye. Akachukua tupa ya duara, akakichimba kibonde kile kwa uangalifu mkubwa, akikipima kwa kidole mpaka kidole kikasahau kipi ni kipi.

Wakati wa kupasha moto, aligundua kwamba feni inapuliza vizuri kuliko kawaida. Kumbe Fundi Geti alikuwa amechuchumaa nyuma yake, anaishikilia isitikisike.

"Sikusaidii," akasema mumewe. "Napita tu."

"Pita taratibu basi."

Kisu kikaingia kwenye oili, na wote wawili wakakaza masikio. Kimya. Cheche akakitoa, akakipangusa, akapitisha tupa juu ya makali. Tupa ikateleza kama inayopita juu ya kioo. Chuma kilikuwa kimekaza. Akacheka peke yake, akampiga mumewe bega kwa mkono wenye oili.

Ilibaki kukilegeza kidogo kwenye joto dogo, la sivyo kingevunjika upesi, na joto dogo lililotulia lilipatikana mahali pamoja tu, kwenye oveni ya mama mkwe.

"Nina keki ndani," akasema mama mkwe.

"Itatoka lini, mama?"

"Itakapoiva."

Wakakaa wawili jikoni wanaingoja keki. Cheche hakuweza kutulia kwenye kiti. Keki ilipotoka kisu kikaingia, na mama mkwe, aliyeanza kwa kulalamika kwamba oveni yake itanuka gereji, aliinama mbele ya kioo cha oveni zaidi ya Cheche mwenyewe. Chuma kilipoanza kupata rangi ya asali, ni yeye aliyepiga kelele kwanza. "Toa, toa, kinaungua."

Mpini ulitoka kwenye mguu wa kigoda kilichovunjika. Jioni Cheche alikilaza kisu juu ya kidole chake kimoja. Kikayumba, kikatulia palepale kilipotulia kile cha Mnofu. Alikiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtoto aliyejua kuendesha baiskeli leo, na hakuona sababu ya kuificha.

* * *

Jumapili wakaenda watatu, Cheche, mumewe na Mnofu. Mnofu alibeba paja la mbuzi kwenye mfuko, maana mwenye bucha haendi kwa mtu mikono mitupu.

Mzee Jicho alikuwa amekaa barazani kwa binti yake, mkono wa kulia umelala mapajani kama mgeni. Wakamwamkia, akaitikia, akawaonyesha viti. Cheche akakitoa kisu kwenye kitambaa, akampa kwa mikono miwili. Kando yake akaviweka vipande vya kile cha zamani.

Mzee akakigeuza mara moja. Akatazama vile vipande. Akakigeuza tena. Kisha akaanza kucheka. Alianza polepole, mabega yakitikisika, halafu kicheko kikampanda mpaka kikawa kikohozi, na binti yake akatoka ndani na glasi ya maji.

"Binti," akasema alipopata pumzi, "umenitengenezea kizee."

Cheche hakuelewa. "Nini, mzee?"

"Hiki kisu hakikuzaliwa hivi. Kilipotoka kwangu kilikuwa na upana wa vidole vitatu. Huyu bwana," akamwonyesha Mnofu kwa kidevu, "amekinoa mpaka amekila. Na hiki kibonde chako ulichokichimba kwa adabu, hicho ni ugonjwa. Ananoa anaanzia hapahapa kila siku, anakandamiza hapahapa. Mimi nakaa nafua makali yaliyonyooka, nyinyi mnayachimba mashimo." Akaliwekea kucha lile jicho. "Na alama yangu. Mimi jicho nalipiga katikati ya ubapa, siku zote. Huoni hili linataka kuanguka? Chuma cha chini yake kimekwisha."

Cheche akaona. Aliona kila kitu mara moja, na uso ukamwaka moto. Alikuwa amekesha na makunyanzi ya mtu akidhani ni urembo wake. Ishara ilikuwa mbele ya macho yake, jicho ukingoni mwa kitanda, naye akaona haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza. Pembeni, Fundi Geti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ngoja ukione kilipokuwa kijana," mzee akasema, bado anajifuta machozi ya kicheko. Akamwagiza binti yake, naye akaleta kisu kilichokuwa kimening'inia jikoni, cha umbo lilelile alilokuwa akitengeneza miaka yote, ambacho mzee alikihifadhi na hakuna aliyethubutu kukitumia. Kilikuwa kipana, makali yamenyooka, jicho katikati kabisa. Kilikuwa kizuri sana. Cheche alikitazama na, pamoja na aibu yote, vidole vikamwasha kutaka kadibodi.

"Mnofu," mzee akasema, "chukua hiki. Nakupa. Mambo yamekwisha."

Mnofu akakipokea kwa heshima zote, akashukuru, akakipima mkononi. Akakunja uso. Akatazama paja la mbuzi lililokuwa mezani.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya," akasema. "Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Naomba sinia."

Binti wa mzee akaleta sinia. Mnofu akaanza na kile kipana. Kilikata, hakuna aliyebisha. Kilikata nyama kama maji. Lakini kilipofika kwenye kiungo kilikuwa kinene, kikagoma kupinda kona, na Mnofu akabaki anakizungusha huku jasho likimtoka, ubapa unaacha vipande vya nyama kwenye mfupa.

"Sasa nimekumbuka," akasema. "Mzee, nisamehe, uliponipa kile cha kwanza nilikichukia. Mke wangu aliniuliza kama nimenunua kisu au jembe. Nilikinoa kwa hasira. Nikakinoa, nikakinoa, mpaka siku moja nikaona kimeanza kunisikia."

Akaweka kipana chini, akachukua cha Cheche. Kidole cha shahada kikaingia kwenye kibonde chenyewe, bila kutafuta. Akaingiza ncha nyuma ya kiungo, akazungusha mara moja, akavuta. Mfupa ukatoka mweupe, umebaki uchi, na nyama ikalala kwenye sinia kwa kipande kimoja. Mnofu akacheka kwa sauti kubwa. Akalikata upande wa pili kabla mtu hajasema neno, kisha akasimama na mfupa mkono mmoja na kisu mkono mwingine.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye marehemu wangu."

Mzee Jicho alikuwa ameinama mbele. Alinyoosha mkono wa kushoto akaomba kile kisu, chenye mafuta hivyohivyo, akapitisha kidole gumba kwenye kibonde, akarudi, akapitisha tena. Kicheko kilikuwa kimemwisha usoni.

"Nani alikuonyesha kuweka hiki?" akamuuliza Cheche.

Hapo angeweza kusema lolote. Mnofu alikuwa upande wake, na mfupa uko wazi mezani. "Hakuna, mzee. Niliiga tu. Nilidhani ni wewe uliyekiweka."

"Ulidhani ni mimi."

"Ndiyo."

Mzee akatikisa kichwa. "Visu vyangu huondoka hapa vijana," akasema polepole. "Vikivunjika, watu wanatupa. Vikiwa butu, wananoa wenyewe. Sijawahi kuona kimoja kikirudi kizee ili nikiulize kimejifunza nini huko. Maisha yangu yote nimetengeneza kilekile kilichonyooka, na watu wote hawa wamekuwa wakinisahihisha kwa jiwe, kimyakimya." Akageukia mlangoni. "Mwanangu, niletee kadibodi. Na kalamu."

Binti akarudi na ubavu wa boksi la sabuni. Mzee akakilaza kisu cha Cheche juu yake, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, na mkono ukawa unatetemeka, mstari unakwenda zigizaga. Cheche hakujua kama inaruhusiwa. Akasogeza kiti karibu, akaweka vidole viwili juu ya ubapa, akakishikilia kisicheze. Mzee akachora kuzunguka ubapa wote, mgongo, ncha, makali, na alipofika kwenye kibonde akapunguza mwendo, kama Cheche alivyopunguza.

Alipomaliza, mzee akakigeuza upande mmoja, kisha wa pili, anatafuta.

"Alama yako iko wapi?"

"Sina, mzee. Nimekuwa naiga tu."

"Utakuwa nayo. Mimi nimeiga kisu chako sasa, lazima nijue cha kuacha." Akarudi kwenye kadibodi, akachora duara dogo tupu. Hakulichora katikati ya ubapa. Alilichora juu kabisa, chini ya mgongo. "Weka hapa. Hapa hata mtu akinoa miaka na miaka, hatakufikia."

* * *

Walirudi kwa miguu. Mnofu alitangulia, kisu kimefungwa kwenye kitambaa, anampigia simu mwenzake wa machinjioni na kueleza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Walipokaribia karakana simu ya Fundi Geti ikaita, na Cheche akaona jina kwenye kioo. Alikuwa fundi pikipiki.

"Ndiyo, bwana," Fundi Geti akasema. "Hapana, kesho usije. Kona imeshapata mtu." Akasikiliza. "Fundi wa visu." Akasikiliza tena, kisha akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. "Kama ni mwaminifu? Namfahamu kidogo. Ananuna, lakini anafanya kazi."

Cheche akamsukuma kwa bega, karibu amwangushe mtaroni, na yeye akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwenye jengo aje na karanga zake.

Wakafungua mlango wa karakana. Kona ilikuwa kama walivyoiacha, mkaa, feni, kadibodi kwenye waya. Cheche akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu, akainamisha kichwa, akawa anakitazama kitenge chake pale kilipotanda juu ya goti. Kulikuwa na vitundu vitatu vya cheche, vidogo, vimekaa karibukaribu. Alikuwa amevificha kwa mkono wake barazani kwa mzee, kwa kuona aibu.

"Baba watoto," akasema, "ile panchi yako ya kutia nukta kwenye chuma, iko wapi?"

"Kwenye droo. Unaitakia nini leo Jumapili?"

Cheche alikuwa ameshachukua kipande cha springi, ameshakibana kwenye jiliwa, na anapima kwa kidole umbali kutoka pale utakapokuwa mgongo.